Mvumo wa Jenereta ya Kaaga

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi Mkuu wa studio ya kanisa pale Kaaga, Meru, alinivalisha hedifoni akaniuliza ninasikia nini. Nikasema sisikii kitu.

"Sikiliza tena, msichana."

Nikasikiliza mpaka nikasikia kitu kama nyuki walio mbali.

"Huo ni mvumo," akasema. "Unatoka kwa stima, huu umeme wa waya. Kazi yako hapa ni kuua huo. Kwaya ikiimba, mtu nyumbani asikie kwaya, asisikie mashine."

Nyinyi mnaorekodi kwa simu hamjui tulivyoteseka. Sauti ilikuwa inaingia kwenye utepe mwembamba uliopakwa unga wa sumaku, umezungushwa kwenye rili kubwa kama sahani. Mota ya ile mashine ilifuata stima. Stima ikiyumba, utepe nao unayumba, na kwaya ya akina mama inasikika kama watu waliotoka kilabuni. Kwa hivyo Mhandisi Mkuu alikuwa na sheria zake, na hakuna aliyezijaribu. Stima ikipotea, kazi inasimama. Jenereta ya nje haiwashwi wakati wa kurekodi. Na kiti hakiingii chumba cha kurekodia, kwa sababu viti hulia. Hata wazee wa kanisa waliimba wamesimama.

Hapo ndipo wakaja Mvuke, kikundi cha muziki. Vijana watatu, na mkubwa wao Mwenda, mtoto wa wakulima wa chai. Walileta kinanda cha umeme cha kuazima, kina nyaya zimetoka nje kama matumbo ya mbuzi. Hawakuwa na ngoma wala maneno. Mwenda alikuwa anabonyeza noti moja, anaiacha ivute, anaongeza nyingine polepole, na ile ya kwanza bado haijaisha. Nilimuuliza wimbo unaanza lini. Akaniambia, "Umeanza kitambo." Meru nzima sikuwa nimesikia mtu akipiga muziki wa namna hiyo, na wanakwaya waliopita mlangoni waliuliza kama mashine ni mgonjwa.

Siku ya kurekodi, Mhandisi Mkuu alikuwa kwenye mkutano wa kanisa. Kinanda kilikuwa kinarudi kwa mwenyewe jioni hiyo hiyo, kwa hivyo ilikuwa ni leo au basi. Tukapanga maikrofoni, na stima ikapotea. Tukangoja. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Mwisho nikaenda kuwasha jenereta, nikijua vizuri sana ni nini ninachofanya.

Nilidhani Mwenda atalalamikia kelele. Alitoa kichwa dirishani, akasikiliza, akasema, "Hiyo ndiyo noti yetu ya kwanza." Akageuza vidude vya kinanda mpaka kikalingana na jenereta.

Lakini ile jenereta ilikuwa mzee. Ilikimbia, ikachoka, ikakimbia tena. Ikiyumba, noti ya Mwenda inaharibika na mwendo wa utepe unaharibika. Hakukuwa na njia nyingine: nilichutama kando yake nikashika kile kijiti cha kuongeza mafuta kwa kidole, nikikisukuma kidogo, nikikiachilia kidogo, masikio yangu yote kwa ile noti. Chuma kilipata moto. Nikapata moto nacho, kidole kikaungua.

Muziki ukiwa katikati, gari la Mhandisi Mkuu likaingia. Alishuka, akaniangalia, akaangalia mkono wangu. Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Jameni, hapo ndipo nilijua kuchutama. Nikiachilia, ninawaharibia vijana utepe wao wa pekee. Nisipoachilia, ninaendelea kuvunja sheria mbele ya mwenye sheria. Nilingoja mlango ufunguke na nisikie jina langu, Wawira, likiitwa. Haukufunguka. Baada ya muda mrefu kijana mmoja alitoka akanifanyia ishara nizime. Nilipoingia, Mhandisi Mkuu alikuwa ameshajifungia ofisini, na hao vijana walikuwa wanakunja nyaya mbio mbio, kinanda kikingojwa na mwenyewe, bila kuniangalia. Sikuuliza kitu. Mtu hakuangalii, wewe utamuuliza nini?

Jumatatu aliniita.

"Kanisa la Karurumo, kule Embu, wanataka mtu anayejua kukaa na mashine," akasema. "Utaenda."

Kukaa na mashine. Nilisikia ile dharau ikinichoma kuliko kidole. Nilipanga nguo zangu nikateremka Embu na hasira yangu, na hasira hiyo tuliishi nayo vizuri, tukala nayo, tukazeeka pamoja.

Karurumo nilipewa chumba kando ya kanisa. Nilitengeneza vipaza sauti, nikarekodi harusi na matanga, nikabishana na mapadri kuhusu betri. Baadaye nikachukuliwa na kituo cha redio mjini Embu, na huko ndiko nilikomaliza miaka yangu, watu wakiniita Mama Njeru kwa jina la mwanangu. Kompyuta zikaja, tepu zikatupwa, nikabaki mimi na mashine moja ya rili ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Habari ya kifo cha Mhandisi Mkuu ilinikuta huko. Nililia, na bado nilikuwa nimemkasirikia.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, mama mmoja akaniulizia mapokezi. Alikuwa Gatwiri, mjane wa Mwenda. Mwenda alikuwa ameacha muziki kitambo, akawa mwalimu huko Kaaga, na walikuwa wamemzika mwaka uliotangulia. Alifungua leso akanionyesha rili.

"Mama Njeru, simu yake iliibwa tukiwa hospitali, na sauti yake yote ikaenda nayo," akaniambia. "Alikuwa ananiambia kuna huu utepe, na kwamba wewe ndiye uliyeurekodi. Najua hakuimba. Lakini ni vidole vyake."

Niliugusa utepe. Ulikuwa unanata. Tepu za zamani hunyonya unyevu, gundi inalainika, na ukizicheza hivyo unga wote unabaki kwenye mashine. Dawa yake ni joto la chini lisilobadilika, likaushe ule unyevu. Baada ya hapo unaweza kucheza, lakini usitegemee nafasi ya pili. Jiko la nyumbani lingeupinda. Nikafikiria kwetu Kanja, mahali wanapokausha kokwa za makadamia, nikaupeleka huko.

"Sasa unataka nikukaushie redio?" msimamizi wa pale akaniuliza.

"Kausha, na usiipeleke sokoni."

Aliuweka pembeni, mbali na makadamia, akaulinda kama yai. Lakini Mkurugenzi wa Vipindi pale redioni naye hakuwa na huruma. "Mara moja tu," akasema. "Na ukiniharibia hiyo mashine, unastaafu na maneno yangu."

Nikaunganisha mashine na kompyuta, Gatwiri akakaa kando yangu, nikabonyeza. Mvumo ukaja. Ile jenereta yangu, na juu yake Mwenda, polepole, kama ukungu ukishuka kwenye chai. Gatwiri alifunika mdomo. Sikuthubutu kumwangalia. Macho yangu yalikuwa kwa utepe, na tulipopita katikati nikaona unga wa kahawia ukianza kujikusanya. Kisha utepe ukalia, sauti nyembamba, ukaanza kukwama.

"Simamisha," Mkurugenzi akasema.

"Ukisimama unashika. Utakatika."

"Mama, nimesema simamisha."

Nikaweka kidole kando ya rili, kile kile chenye kovu, nikaisaidia kuzunguka. Nikisukuma kidogo, nikiachilia kidogo. Kilio kikapungua. Gatwiri alikuwa ameshika nguo yangu, nadhani hata hakujua.

Ndipo nikasikia mlango. Kwenye utepe, siyo pale. Viatu. Nikangoja ile sauti ya Mhandisi Mkuu iseme zimeni. Nilichosikia ni kiti kikiburutwa sakafuni. Alileta kiti. Yeye mwenyewe, ndani ya chumba cha kurekodia. Akakaa, kiti kikalia, na muziki ukaendelea mpaka noti ya mwisho ikaisha, ikabaki jenereta peke yake.

"Mnajua ni nani ameshika hiyo jenereta isiyumbe hivi?" Ilikuwa sauti ya Mhandisi Mkuu, lakini ya chini, ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Ni Wawira," Mwenda akasema.

"Huyo msichana anajua kukaa na mashine."

Utepe ukaisha, ukapigapiga rilini. Gatwiri alikuwa analia. "Ni yeye," alikuwa anasema, "hiyo ni sauti yake." Kwenye kompyuta tukairudia, "Ni Wawira, ni Wawira," yeye akimsikiliza bwanake, na mimi nikimsikiliza mzee niliyemkasirikia maisha yangu yote ya kazi kwa sifa aliyonipa usoni.

Mkurugenzi alipenda, akataka irushwe hewani. Ila akasema nitoe mvumo, na hicho kiti, na hayo mazungumzo ya mwisho. Nikamwambia nimetoa mvumo tangu nikiwa msichana, na huu sitoi. Ikarushwa hivyo hivyo, Jumapili moja.

Jumapili hiyo nilikuwa nimeshastaafu, niko nyumbani Kanja. Muziki ulipoanza, jirani yangu alikuja mbio na redio yake mkononi, akiitikisa.

"Mama Njeru, niangalilie hii. Imeharibika, inavuma tu."

"Haijaharibika," nikamwambia, nikamvutia kiti. "Kaa nayo."