Kikao cha Ghorofa ya Tatu

"Umeniandika jina," Virgil Stamps, msimamizi wa jengo, alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, barua ameiviringisha mkononi kama mtu anayetafuta nzi. "Jina langu kamili, Bi Earlene. Barua ya jiji, muhuri wa jiji, na mimi ndani yake."

"Nimelishtaki jengo, Virgil. Wewe ndiye mdomo wa jengo, kwa hiyo barua imekuja mdomoni."

"Mwenye jengo amenipigia mara mbili tangu asubuhi. Ananiuliza nafanya kazi ya nani."

"Ukamjibu nini?"

Virgil alikitazama kiti cha magurudumu, akatazama mahali ulipokuwa mguu wa kulia wa Earlene, akaondoa macho haraka kama mtu aliyefungua choo akakuta kuna mwenyewe.

"Ungeniambia kwanza," alisema. "Tunajuana."

"Nilikuambia Oktoba. Nikakuambia Novemba, mara tatu. Ulisema, 'Nitamfikishia mkubwa.' Sasa nimemfikishia mwenyewe. Funga mlango, baba, joto linatoka, na joto lenyewe mnatugawia kwa kijiko."

Virgil akafunga mlango, yeye akiwa upande wa nje. Earlene akasikia viatu vyake vikishuka ngazi, arobaini na nne kamili. Alikuwa amezihesabu siku nyingi, kwa viatu vya watu wengine.

Earlene Mabry alikuwa amewapikia watoto wa shule za Tarkington miaka thelathini na mmoja. Nusu ya mji huo walikua kwa maharagwe yake na mkate wake wa mahindi, Virgil akiwa mmojawao, na mpaka leo akikutana na mwanamume mzima mwenye tai humwuliza kama siku hizi anamaliza karoti. Hakuwa mtu wa kukaa ndani. Alistaafu, akazika mume, akaendelea kuimba kwaya na kugombana na mashemasi juu ya chumvi kwenye chakula cha msiba. Kisha sukari ikampanda, na mwezi wa Juni hospitali ikaukata mguu chini ya goti.

Hilo alilibeba. Lifti ilikuwapo, kiti kilikuwapo, na muuguzi wa kumfundisha kukigeuza kwenye kona alikuwapo. Lakini Oktoba lifti ikafa. Virgil akabandika karatasi: INATENGENEZWA. Karatasi ikapata vumbi, ikapata pembe zilizokunjika, mtoto mmoja akaichorea masharubu, na lifti ikabaki vilevile.

Earlene akaomba ahamishiwe chini. Nyumba namba mbili ya ghorofa ya chini ilikuwa tupu tangu kiangazi, kila mtu aliiona. Jibu likaja kwamba imepangishwa kwa Bwana Hollis. Kweli, jina la Hollis lilikuwa kwenye kisanduku cha barua, na taa ya sebuleni iliwaka saa kumi na mbili jioni ikazimika saa nne usiku. Kila siku, bila kukosea dakika.

"Mpangaji gani huyo," Earlene alimwambia jirani yake, "asiyekohoa, asiyevuta maji ya choo, wala asiyeunguza mkate?"

Ndipo alipopiga simu kwa tume ya haki za binadamu ya jiji. Alidhani watakuja watu wa suti. Akaja mwanamke mmoja, Noreen Pacheco, mfupi, amevaa viatu vya mvua, anahema. Tume yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ofisi ya kulipia maji, na mchunguzi alikuwa huyo huyo mmoja kwa mji mzima. Noreen alikaa mezani, akamweleza kwa maneno ya kawaida: mpangaji mwenye ulemavu ana haki ya kuomba mabadiliko yatakayomwezesha kuishi kama wenzake, na mwenye nyumba hawezi kukataa hivihivi kama jambo linawezekana. Akayaandika malalamiko, akatoa muhuri kwenye mkoba, akamwapisha pale pale kati ya sufuria na bakuli la sukari ya bandia.

Mwenye jengo aliishi jimbo la mbali na hakuwahi kuonekana. Alijibu kwa wakili, na wakili alituma picha.

Picha ilipigwa Jumapili, kutoka ng'ambo ya barabara. Ilimwonyesha Earlene amekaa kwenye kiti cha jikoni, kofia ya zambarau kichwani, akitolewa mlangoni na wazee wanne wanaopokea waumini kanisani kwake, wamevaa glavu nyeupe. Ndivyo walivyofanya tangu lifti ilipokufa. Walipanda na glavu zao, wakamwinua, wakashuka naye kwa hatua moja kana kwamba wanabeba meza ya Bwana, na baada ya ibada wakamrudisha. Chini ya picha wakili aliandika: "Mlalamikaji hutoka kila wiki kwa starehe zake."

Earlene aliisoma mara mbili. Lililomchoma ni lile neno, starehe.

Jumamosi alimpigia simu Rufus Oglesby, mkubwa wa wale wazee wanne. "Kesho msije."

"Unaumwa, Dada Mabry?"

"Siumwi. Wanasema natoka. Basi sitoki. Wakitaka kuona mtu aliyefungiwa, nitawaonyesha."

"Na ibada?"

"Weka simu yako karibu na mimbari, nitasikia. Na mwambie yule mpiga ngoma apunguze."

Jumapili ya kwanza ilipita kwa hasira, na hasira ni joto. Ya pili Rufus alikuja hata hivyo, akagonga kwa mikono iliyovaa glavu, na Earlene akakaa kimya nyuma ya mlango mpaka akashuka. Ya tatu theluji ilianguka. Kuanzia hapo siku zikaanza kufanana. Alijua basi la saa mbili, jinsi linavyozama tairi la nyuma kwenye shimo. Alimjua mwanamume wa mbwa mweupe, na siku asipopita alimnunia kama aliyevunja ahadi. Aliikosa miadi ya daktari Desemba, akajisemea ataenda Januari, na Januari akaikosa tena. Jioni alivua soksi ya mguu uliobaki, akatazama kidole kidogo kilichoanza kugeuka rangi, akaivaa soksi haraka. Mtu mwingine angepiga simu. Yeye alikuwa na kesi ya kushinda.

Alikuwa amekaa Jumapili saba ndani Noreen alipopanda kumtayarisha kwa kikao cha tume cha kusikiliza malalamiko. Noreen aliangalia mboga za kopo zilizopangwa mezani, kofia ya zambarau iliyofunikwa mfuko wa nailoni, uso wa Earlene uliokuwa na rangi ya jivu.

"Mara ya mwisho kutoka ni lini?"

"Kabla ya picha."

"Nani kakuambia usitoke?"

"Si ndivyo mnavyotaka? Wakili anasema natoka. Nikitoka, mtasema sina shida."

Noreen aliweka kalamu chini. "Bi Earlene, sheria haikuulizi kama umefungwa kama mfungwa. Inauliza kama unaingia na kutoka nyumbani kwako kama jirani zako. Kubebwa na wanaume wanne siyo kutoka kama jirani zako. Ile picha ilikuwa ushahidi wako."

Earlene alizihesabu Jumapili. Wiki saba. Aliziona zikipita nyuma yake kama mabasi matupu.

"Ungeniambia," alisema mwisho.

"Ungepiga simu. Nyanyua soksi nione mguu."

"Mguu haukuapishwa."

"Nyanyua."

Noreen alipouona alimpigia simu muuguzi wa wilaya hapo hapo, na muuguzi akaja siku ile ile na dawa na maneno makali. Lakini juu ya kikao Earlene hakusogea. Kikao kilipangiwa ukumbi wa jiji. Rufus na wenzake walikuwa tayari. "Kanisani nilibebwa kwenda kwa Mungu," alisema. "Siwezi kubebwa kama kabati kwenda kuthibitisha kwamba siwezi kushuka."

Noreen alisimama korido na simu, akarudi na habari kwamba mwenyekiti wa tume amekubali kikao kifanyike kwake, jikoni. Tume inaweza kukaa popote ndani ya mji, ilimradi tangazo libandikwe mchana na usiku mzima kabla, na mlango uachwe wazi kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Alishuka akalibandika mwenyewe, juu ya ile INATENGENEZWA.

Siku ya kikao jengo zima lilijaa kwenye ngazi. Watu walikalia magazeti, wengine walikuja na kahawa kwenye chupa. Mwenyekiti, Ambrose Tull, alikuwa kinyozi wa miaka sabini na miwili mwenye tumbo la heshima, na kazi hiyo ya tume aliifanya bila mshahara, kama wenzake wawili waliopanda nyuma yake. Alipumzika ghorofa ya kwanza. Alipumzika ghorofa ya pili. Alipofika jikoni kwa Earlene aliketi, akanyoosha kidole kuomba maji, na watu wote walisubiri.

"Kikao kimefunguliwa," alisema baada ya muda. "Nikipata pumzi nitasema kingine."

"Usife humu, Ambrose," Earlene alisema. "Hawana namna ya kukushusha."

Ngazi nzima ilicheka. Wakili wa mwenye jengo hakucheka. Alikuwa kijana, viatu vyembamba vimelowa theluji, na alianza na ile picha. Noreen akamwuliza kama yeye hutoka nyumbani kwake kwa kubebwa. Wakili akaiweka picha chini, akafungua daftari la kodi. Alisema mlalamikaji si mpangaji mwaminifu. Kodi hutiwa kwenye sanduku la chuma ghorofa ya chini, kabla ya saa kumi na moja jioni, tarehe tano. Novemba alichelewa siku mbili, akatozwa faini ya dola ishirini na tano.

"Ningelifikiaje sanduku? Kwa mabawa?" Earlene alisema. "Jirani alikuwa safari, nikangoja arudi aipeleke. Na hiyo faini sikuilipa na sitailipa. Andikeni."

Wakili alipitisha kidole kwenye daftari. "Imelipwa."

"Na nani?"

Daftari halikuandika jina. Earlene alitazama mlangoni, ambako Virgil alikuwa ameegemea kizingiti, na Virgil alikuwa anatazama buti zake.

"Virgil."

"Faini isiyolipwa siku sitini ni sababu ya kukutoa," alisema Virgil, taratibu. "Mkubwa alikuwa anasubiri hiyo. Aliniambia nisikukumbushe."

Ambrose Tull alivua miwani. "Bwana Stamps, sogea hapa. Nyanyua mkono." Akamwapisha. "Nani Bwana Hollis?"

Earlene alijua nyumba anayoishi Virgil, namba moja ya chini, ilikwenda na kazi yake: siku kazi inapoisha, nyumba inaisha. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba alifikiri kwamba hakuwa peke yake aliyefungiwa kwenye jengo lile. Alitaka kusema, mwache. Hakusema. Jambo hilo alilikumbuka baadaye kuliko yote.

"Hakuna Hollis," Virgil alisema. "Mkubwa anataka kugeuza zile za chini kuwa ofisi. Jina niliandika mimi. Taa ina saa ya kuiwasha na kuizima, nilifunga mimi."

Uamuzi ulikuja kwa barua Februari: nyumba namba mbili kwa kodi ile ile, faini ifutwe kwenye daftari, lifti itengenezwe kabla ya kiangazi. Rufus na wenzake walimshusha kwa kiti cha jikoni mara ya mwisho, wakarudi kuchukua sufuria.

Chini kulikuwa na dirisha kubwa zaidi na barabara ile ile. Mlango wa mbele wa jengo ulikuwa na ngazi tatu ambazo kwa miaka kumi na tisa Earlene hakuwahi kuziona kuwa ngazi: kwanza alizipita kwa miguu yake, kisha daima alipatikana mtu wa kumvusha. Noreen alisema ameshaandika barua kuhusu njia ya mteremko. Earlene alikaa ndani ya mlango, akazitazama zile tatu, akageuza kiti.

Mlango wa namba moja ulikuwa wazi. Virgil alikuwa kati ya maboksi, anafunga redio kwa taulo. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Ana sofa."

"Sofa ya dada yako naijua, ina chuma katikati." Earlene alisogeza kiti mpaka gurudumu likagusa boksi. "Noreen anasema kumfukuza mtu kwa sababu ametoa ushahidi ni kosa jingine kabisa. Ana fomu. Nimekuletea."

"Nimechoka na karatasi, Bi Earlene."

"Na mimi nilichoka. Ipo hapa juu ya redio." Kisha akatoa bahasha kwenye kifuko cha pembeni mwa kiti. "Na hii ni ishirini na tano."

"Sikukudai."

"Ndiyo maana inaniwasha."

"Jiji limeifuta."

"Jiji limeifuta kwenye daftari la mkubwa. Mfukoni kwako nani kaifuta?"

Virgil alisimama na redio kifuani. Alionekana kama yule mtoto wa mezani aliyebakiza karoti, naye Earlene hakumsaidia, alingoja tu, mkono ameunyoosha. Mwishowe Virgil aliiweka redio chini, akaipokea bahasha, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Tumemalizana," alisema.

"Kwa hilo," alisema Earlene.