Mgonjwa Wangu wa Kwanza

Wasomaji wenzangu, nichekeni, ila taratibu. Nasoma uuguzi kwa njia ya posta, vitabu navisomea kwenye kibanda chetu cha mitumba hapa Kibiti. Juzi nilianza mafunzo ya vitendo wodini. Sista msimamizi asiporidhika nami, masomo yanaishia hapo, kwa hiyo nilipania kweli.

"Anza na mama wa kitanda cha dirishani," aliniambia.

Nikamkuta mama wa makamo ameketi pale.

"Shikamoo, mama."

Alipofungua mdomo kuitikia, nikamtia kipimajoto chini ya ulimi. Akaanza kunipungia mikono.

"Tulia, mama, usiongee, kitavunjika."

Nikamvua kandambili, nikamlaza, nikamfunika shuka hadi kidevuni. Alinitolea macho, nami nikajua ni homa.

Mara mwanamke mwembamba akatokea msalani akijikongoja, akasimama mbele yetu.

"Dada," akamuuliza mgonjwa wangu, "si umekuja kuniletea uji tu? Mbona umelala kitandani kwangu?"

Sista alikuwa nyuma yangu. Akakichomoa kipimajoto, akakisoma bila haraka.

"Mgonjwa wako hana homa," akasema. "Mruhusu aende nyumbani."