Aliyejibu "Nimekaribia"

Kama wewe ni mtu wa kucheka mambo ya watu, kacheke mbele huko. Hiki ninachokusimulia kilimtokea mdogo wangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwepo. Sikuhadithiwa na mtu, wala sikuota. Pombe sinywi. Waulize majirani zangu hapa Nyakato, Mwanza, watakwambia mimi si mwoga: nyoka akiingia uani ninaitwa mimi, mume wangu anapanda juu ya kiti.

Mdogo wangu anaitwa Theonest. Sisi kwetu ni Bukoba, lakini Theo alikuwa anakaa chumba cha uani kwangu na kufanya kazi kiwandani. Alikuwa na mchumba, Kabula, msichana wa Kisukuma anayefundisha watoto wa chekechea. Mahari ilishapokelewa, tulikuwa tunasubiri Pasaka ipite tufunge ndoa. Mama yetu kule Bukoba alishaanza hata kuchagua ndizi za kuja nazo. Theo alimpenda yule binti, jamani. Akipigiwa simu naye alikuwa anatoka nje, eti ndani hakuna mtandao!

Safari ilikuwa wazo la Kabula. Alikuwa ananitania kila siku: "Wifi, nyie Wahaya mnafikiri ni ninyi tu mliokuwa na wafalme. Hata hilo neno Ikulu mnalolitumia kwa Rais ni la kwetu, ni nyumba ya mtemi." Basi, Theo akasema Jumamosi atatupakia kwenye kagari kake, twende tukazione hizo ikulu na ngome za zamani, jioni tuwe tumerudi. Tukavuka kwa feri ya Kamanga asubuhi, tukaingia upande wa Sengerema.

Tulianzia kwenye ngome ya Mjerumani. Usitegemee makubwa, zimebaki kuta za mawe na mbuzi wamelala ndani. Theo akacheka: "Mjerumani alijenga akidhani atakaa milele, ona sasa mpangaji wake." Tukapiga picha, tukala maandazi yetu, tukaendelea hadi kwenye ikulu ya mtemi mmoja wa zamani. Jina lake silitaji, ukoo wake upo na ni watu wema.

Ni nyumba ndefu ya bati lililoshika kutu, ina baraza pande zote, imezungukwa na majabali kama yale ya Mwanza. Kuna mzee anayeitunza. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akatufungulia. Akatuonyesha ngoma, kiti cha enzi, mikuki, na chumba ambacho mlango wake hafungui. Tulipomaliza akatuambia, "Haya, nendeni. Hapa hatuagani. Ondokeni tu."

Mimi nilidhani amechoka na wageni. Lakini Theo! Theo alilelewa na mama yetu, mwanamke ambaye hawezi kutoka hata kwa adui yake bila kuaga. Tukiwa tunaelekea kwenye gari, kwenye ngazi za baraza alikuwa amekaa dada mmoja, amejifunga kaniki, kichwa wazi, kafurushi kake miguuni. Mzuri, nisiseme uongo. Amekaa kama mtu anayesubiri aitwe. Theo akampungia mkono.

"Haya dada, sisi tunarudi. Karibu nyumbani, karibu Mwanza."

Sasa wewe unayenisikiliza, unajua karibu zetu zilivyo. Unakula, mtu anapita, unasema karibu. Yeye anasema asante, endelea. Mambo yameisha. Hakuna mtu anayekuja kuvuta kiti! Ukimkaribisha mtu njiani anakujibu siku nyingine, inshallah, Mungu akipenda, nawe unajua haji, naye anajua unajua. Ndiyo ustaarabu wenyewe.

Yule dada alimtazama Theo. Akasema, "Nimekaribia."

Basi. Neno moja. Akachukua kafurushi kake akasimama.

Theo alicheka tu, akafungua gari. Kabula akamvuta shati: "Unamkaribisha nani?" Nikamwambia, si huyo dada hapo kwenye ngazi, wifi, wivu umeanza mapema hivi? Kabula akaangalia ngazi, akaniangalia mimi. "Wifi, hapo hamna mtu." Nilipogeuka, kweli, hapakuwa na mtu.

Asubuhi mimi ndiye niliyekaa mbele. Wakati wa kurudi nilikuwa na usingizi, nikaingia nyuma na Kabula ili niegemee. Kiti cha mbele kikabaki kitupu. Tulikuwa hatujafika hata barabara kubwa, kakengele ka mkanda kakaanza kulia. Unakajua, kale kanakolia mtu akikaa mbele bila kufunga mkanda. Ti, ti, ti. Theo akapapasa kiti, labda kuna chupa ya maji. Hakuna kitu. Kakaendelea kulia mpaka kichwa kikaniuma. Mwishowe Theo akasema, "Haya mheshimiwa, tufunge mkanda," akauvuta ule mkanda, akaufunga juu ya kiti kitupu.

Kengele ikanyamaza. Tukacheka. Mawe, mama yangu! Tulicheka kweli.

Kamanga utaratibu ni kwamba abiria mnashuka, mnaingia kwenye feri kwa miguu, dereva peke yake anaingiza gari. Tukapanda juu, mimi na Kabula, tukaegemea vyuma tukiangalia magari chini. Feri ikang'oa nanga. Nikakaona kagari ketu. Nikamwona Theo amegeukia upande wa abiria anaongea, anacheka, anaonyesha ziwa kwa kidole. Na kwenye kile kiti, chini ya mkanda, alikuwa amekaa yule dada wa kaniki.

Nikamuuliza Kabula taratibu, "Theo anaongea na nani?" Akasema, "Anaongea peke yake, wifi. Labda na simu."

Nilishuka zile ngazi sijui vipi. Nikapenya katikati ya malori, nikafika kwenye dirisha. Kiti kitupu. Mkanda umefungwa, umekaza, kama umembana mtu. Nikamuuliza Theo alikuwa anaongea na nani. Alinijibu kwa upole, macho yake hayako kwangu.

"Mgeni ananiuliza kama nyumbani kuna mke."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia bado."

Bado! Ndivyo tunavyojibu sote. Mtanzania ukimuuliza kama ameoa hasemi hapana, anasema bado, maana hapana ni kujitabiria mabaya. Lakini fikiria lile bado lilivyoingia kwenye masikio ya yule aliyeuliza.

Tulifika nyumbani jua halijazama. Theo akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akasimama pembeni akingoja, kisha akasema, "Pita, pita ndani." Mume wangu alikuwa uani anaosha viatu. Akaniuliza kwani mmeleta mgeni?

Kuanzia hapo nilikuwa namwona mdogo wangu anaisha. Akila anaacha nusu ya sahani, anaisogeza ng'ambo ya meza. Kazini akawa haendi. Kwenye gari hataki mtu akae mbele. Na siku moja mchana Kabula alikuja akapita moja kwa moja uani, akabisha hodi kwenye mlango wa Theo. Nilikuwa naanika nguo, nilisikia kwa masikio yangu. Badala ya karibu, sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani, "Wewe ni nani kwake?"

Kabula alisikia pia. Safari hii alisikia. Akaangua kilio kwamba Theo ameweka mwanamke ndani. Mimi niliusukuma ule mlango kwa bega. Theo alikuwa amelala peke yake, usingizi mzito. Tulipomwamsha akamwona Kabula, akamshika mikono akalia kama mtoto. "Dada, mimi namtaka Kabula," akaniambia. "Simtaki mwingine. Nisaidieni. Namwambia aondoke, ananiambia mimi ndiye niliyemkaribisha."

Padri alikuja, akasali, akanyunyiza maji ya baraka mpaka chini ya kitanda. Kesho yake sahani ikasogezwa tena.

Aliyetupa akili ni mama yake Kabula, mshonaji, mwanamke wa maneno machache. Alisema, "Mgeni hafukuzwi. Mnapoteza muda kumfukuza. Mgeni anasindikizwa. Aliyemkaribisha amsindikize kwa adabu, na akishamfikisha mbali kidogo, mgeni mwenyewe atasema, haya, rudi sasa." Na ni kweli, si ndivyo tunavyofanya? Husindikizi mtu mpaka kitandani kwake. Unatoka naye, mnaongea, mbele kidogo anakwambia inatosha, rudi. Mama Kabula akamkazia Theo: usivuke njia panda ya kwenda ikulu. Simama hapo umsubiri aseme.

Nilimkumbatia mdogo wangu. Alikuwa amepauka, lakini siku hiyo alikuwa na matumaini, nakwambia. Alivaa shati alilonunuliwa na Kabula. Akafungua mlango wa mbele, akasubiri, akafunga mkanda juu ya kiti kitupu. Sisi tulimfuata mpaka Kamanga, hatukuvuka. Mama Kabula alikataa, alisema wasindikizaji wakiwa wengi mgeni anaona raha. Tukasimama tukiangalia feri inakwenda.

Baadaye simu yangu ikaita.

"Dada, nimefika njia panda. Nimesimama."

"Amesema urudi?"

Nikamsikia anauliza kitu kwa sauti ya chini, si kwangu. Akarudi kwenye simu. "Anasema mbele kidogo."

"Theo usiende! Theo! Geuza gari!"

"Mbele kidogo tu, dada. Si vizuri kumwacha njiani."

Simu ikakatika. Nilipiga mpaka kidole kikaota sugu, haipatikani.

Tulimkuta kesho yake, mimi na mume wangu. Gari lilikuwa nje ya ikulu, milango yote miwili ya mbele iko wazi. Theo alikuwa anafagia baraza. Mzima! Shati lake safi. Akaniamkia shikamoo kwa heshima zote, akaulizia watu wa kwangu hawajambo. Hivyo, watu wa kwangu. Kama mtu wa nyumba nyingine.

Yule mzee mtunzaji alikuwa amekaa pembeni ameshika kichwa. "Niliwaambia hapa hatuagani," akasema. Ndipo akatueleza. Zamani yule binti aliletwa awe mke wa mtemi. Amefika mlangoni na kafurushi kake, mtemi akakata roho saa ileile. Ikawa vurugu na kilio, hakuna aliyemwambia bibi harusi karibu ndani. Alikaa pale ngazini mpaka walipokuja kumchukua, wakamzika na mtemi kama mke, na hajawahi kuwa mke. Tangu hapo anangoja wa kumkaribisha. Wenyeji wanapita pale midomo imefungwa.

Mume wangu hakutaka kusikia hadithi. Akamkamata Theo kwa nguvu, tukamwingiza kwenye gari, tukaondoka kasi. Nilikuwa nyuma nimempakata kichwa. Tulipofika ile njia panda alianza kuhema. Midomo ikabadilika rangi, macho yakageuka, vidole vikakaza kwenye gauni langu. Nikapiga kelele, rudisha nyuma! Rudisha! Tuliporudi nyuma kidogo akavuta pumzi. Tukajaribu tena, naapa tulijaribu tena, na niliusikia moyo wake unasimama chini ya mkono wangu. Ungefanyaje ungekuwa wewe? Nilimrudisha mwenyewe. Nilimshika mkono mdogo wangu nikampandisha zile ngazi.

Yuko huko mpaka leo. Anafagia, anateka maji, mzee anampa chakula. Sahani anaigawa. Kabula alienda kumwona mara moja, amevaa gauni ambalo Theo alikuwa analipenda. Theo alimtazama kwa muda mrefu, machozi yakamtoka yeye mwenyewe akiwa hajui yanatoka wapi, akamuuliza, "Samahani dada, tulishawahi kuonana?" Kabula alivua pete kwenye feri wakati wa kurudi. Sijui aliitupa au aliiweka mkobani, sikumuuliza.

Kwa hiyo wewe unayepakia familia Jumamosi kwenda kuona majumba ya wakubwa wa zamani, nenda, si dhambi. Piga picha zako. Lakini mwenyeji akikwambia jambo, lifuate hata kama huoni maana yake, na ulimi wako ukae ndani ya meno. Wapo wanaochukua maneno yetu jinsi yalivyo.

Mama yetu amezeeka, Theo ndiye kitindamimba wake. Tulimdanganya kwamba amepata kazi mbali, lakini umbeya hauna breki, amesikia. Juzi amenipigia kwamba amekata tiketi ya meli anakuja kumfuata mwanaye. Namjua mama yangu. Atafika kwenye zile ngazi, atasalimia kila aliyepo, na wakati wa kuondoka ataaga. Hakuna mtu duniani atakayemzuia asiage.

Nikamwambia, mama, usije. Nikamwambia kwangu hakuna nafasi, ukija hutapata pa kulala, sitakufungulia mlango. Akaniuliza kwa Kihaya kama anaongea na mwanaye au na mtu mwingine, akakata simu. Hajapokea zangu mpaka leo.