Fundi Sikio na Feni ya Shemeji

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukigundua kwa Fundi Sikio ni shingo yake. Kompyuta ikiwashwa, yeye haikodolei macho skrini kama wenzake. Huinamisha shingo upande, mfano wa mtu anayenong'onezwa siri na mtoto mfupi, akasikiliza feni. Kwa mlio huo tu hujua kama mashine inapumua vizuri, imebanwa na vumbi au imeelemewa na kazi. Jina lake lilitoka hapo, na siku hizi hata mama mkwe wake humwita hivyo hivyo.

Karakana yake ni chumba kidogo kwenye ujia mrefu wa mafundi wa kompyuta. Kila Jumamosi mafundi hao hutoa meza nje, hupanga mashine walizounda wiki hiyo, na Sikio huzipa zote jaribio lile lile la kasi. Atakayeburuta mkia huosha vikombe vya chai vya ujia mzima. Sikio ndiye mwamuzi kwa sababu hajawahi kumpendelea mtu, na hilo analionea fahari kuliko vyeti vyake vyote vilivyotundikwa ukutani.

Jumamosi moja alikuja Mama Mkutubi, msimamizi wa maktaba ya mtaa. Alisema kwamba fundi ambaye mashine yake ingemridhisha ndiye angeunda kompyuta zote za chumba cha wasomaji. Shemeji yake Sikio, mdogo wa mumewe, nusura aote mabawa. Tangu afungue karakana jirani, watu walikuwa wakimletea chaja zilizokatika waya, basi. Kazi ya maktaba ndiyo ingemfanya aitwe fundi. Kimoyomoyo, Sikio alimwombea.

Jaribio lilipoanza, mashine ya shemeji iliziacha nyingine kwenye mataa. Watu wakapiga makofi, Mama Mkutubi akatabasamu. Sikio alibaki shingo upande. Feni ile ilikuwa imenguruma mara tu jaribio lilipofunguliwa, kabla kazi yenyewe haijaanza, utadhani mashine ilijua nani anabisha hodi.

Akashuku ujanja. Angeweza kunyamaza, na nyumbani wangeshangilia jioni hiyo. Lakini wasomaji wangekaa na mashine hizo miaka. Akalinakili jaribio lile, akaipa nakala jina jingine bila kugusa chochote ndani yake, kisha akaiendesha kwenye mashine zote. Safari hii feni ya shemeji haikuguna, na mashine yake ikajikongoja nyuma ya zote.

Ujia mzima ukaangua kicheko. Shemeji alijikuna kisogo, akaeleza kwamba alikuwa ameweka programu ndogo ya ujanja. Ikiliona jina la jaribio, inaiachia mashine ikimbie bila breki. Kazi nyingine yoyote ikija, inaifunga breki tena, maana mbio zile zikiendelea mashine huchemka na kuzimika.

"Shemeji, si kila mtu huvaa vizuri siku ya harusi?" alijitetea.

"Huvaa, shemeji yangu. Ila Mama Mkutubi haji harusini, anakuja kuishi na bibi harusi."

Hata shemeji mwenyewe alicheka, ingawa aibu ilikuwa imemjaa usoni. Akalifuata beseni la vikombe bila kuambiwa. Mama Mkutubi akamsogelea, akamuuliza kwa upole kama mashine ile ingeweza kukimbia vile siku nzima bila kuchemka. Shemeji, mikono ikichuruzika povu, alijibu kwamba kwa sasa haiwezi, akaomba apewe hadi Jumamosi inayofuata, naye akakubali kungoja. Jibu hilo lilimpendeza yule mama kuliko mbio zote alizoziona.

Wiki hiyo nyumbani hapakukalika. Mumewe Sikio alitoboa ubavu wa kasha la mashine ile ili hewa ipite. Mama mkwe alilalamika kwamba vumbi la chuma linaingia kwenye unga wake, huku mwenyewe ndiye amelishikilia kasha lisiteleze. Shemeji aliifuta ile programu ya ujanja mbele ya macho yao wote. Sikio, akiwa mwamuzi, alikataa kugusa hata skrubu. Alikaa mlangoni akisikiliza, na shemeji hakuacha kumchungulia.

"Shemeji, nipe dokezo basi. Kunja uso tu."

"Shingo yangu haiuzwi," alijibu, akageukia ukuta ili asionekane akicheka.

Sasa Jumamosi imefika na meza iko nje. Mama Mkutubi ameleta jaribio lake mwenyewe, lenye kazi za maktaba yake: kutafuta vitabu, kuonyesha filamu za watoto na kuchapa kurasa, vyote kwa mpigo. Jina la jaribio amelitunga yeye na hajamwambia mtu. Vikombe vichafu vinangoja kwenye beseni. Shemeji amefumbata mikono kwapani asije akatafuna kucha. Mama Mkutubi anapeleka kidole kwenye kitufe, Sikio anainamisha shingo, na ujia mzima unaingoja feni iseme.