Mashine Aliyoniachia Baba Ghati

Ninaikumbuka vizuri ile asubuhi, mwanangu, fundi Mzee Hamisi aliponiuliza mashine ya kusaga ni ya nani. Nilikuwa bado kijana. Mume wangu Chacha alikuwa amefariki, akaniacha na binti yetu Ghati na mashine hiyo pale Kemambo. Mwendeshaji wake alikwisha kuhamia Sirari. Mimi sikuwahi hata kuiwasha.

Wakati ule, unajua, watu wetu walisema injini ni mambo ya wanaume. Mzee Marwa, baba mdogo wa marehemu, alikuja akaniambia bila ukali, "Mama Ghati, tuiuze tu. Mashine isiyo na mtu ni chuma." Lakini ikiuzwa, tungekula nini?

Nikaenda Tarime mjini kumwita Mzee Hamisi, fundi ambaye babu yake alitoka pwani. Alipofika kwangu na kuanza kazi, nikajiendea zangu kukaa na akina mama waliokuja na mahindi. Akasimama, akanitazama.

"Mama, hii mashine ni ya nani?"

"Ni yangu, mzee."

"Mbona unakaa kama mgeni? Njoo ushike spana."

Aibu ilinijaa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kweli, khanga nimeikaza kiunoni, grisi mpaka kwenye viwiko. Usidhani alinipa somo. Alikuwa akisimulia habari za wajukuu zake, na katikati ya habari anasema, "Weka mkono hapa. Joto hili ni la kawaida. Likizidi, zima." Halafu anarudi kwa wajukuu. Kila alipokuja, nilikaa ubavuni kwake nikiuliza. Kidogo kidogo nikawa naisikiliza mashine kama mama anavyomsikiliza mtoto: kilio hiki cha njaa, hiki cha ugonjwa.

Siku moja Mzee Marwa akaja na mnunuzi. Foleni ilikuwa ndefu, maana kulikuwa na harusi jirani. Wakiwa wamesimama pale pale, mkanda unaounganisha injini na kinu ukachomoka. Mzee Hamisi alikuwa amesafiri kwenda Mugumu. Nikazima, nikaurudisha, nikaukaza, nikawasha. Ukachomoka tena.

"Umeona sasa?" akasema Mzee Marwa.

Ndipo Nyangi, mke wa jirani yangu aliyeolewa kutoka Susuni, akasema kutoka kwenye foleni, "Mama Ghati, siku ile fundi alinyoosha kamba kwanza, toka gurudumu hili mpaka lile. Mimi nilimwona."

Nami nilikuwepo siku hiyo, mwanangu, ila nilikuwa nimesahau! Tukafungua kamba ya gunia lake, tukainyoosha. Kumbe injini ilikuwa imesogea, magurudumu hayatazamani. Mzee Marwa akaweka fimbo yake chini, akaja kutusaidia kuisukuma. Nilipowasha, mkanda ukatulia na unga ukaanza kushuka.

Mnunuzi akaaga. Mzee Marwa alibaki, akakinga unga wa moto kiganjani.

"Kazi hii ulisomea wapi?"

"Hapa hapa, baba."

Mavuno yaliyofuata alimleta mkamwana wake, akaniambia, "Huyu naye akae karibu nawe." Unga wa mashine ile ndio uliomsomesha Ghati.

Nakwambia haya kwa sababu nasikia umepata kazi. Cheti kimekufungulia mlango, na nakupongeza kwa bidii yako. Lakini kazi yenyewe utaifundishwa na watu. Msogelee anayejua. Shika kifaa, hata kama utachafuka. Wakati wa chai usijitenge na simu yako, maana mengi ya kazi husemwa watu wakizungumza mengine. Kuuliza si ujinga. Usidharau sauti inayotoka kwenye foleni, na ukishajua, mpishe mwenzako naye ashike. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta: hata usipopewa nyundo ya kufua chuma, kaa pale moto unapowaka, uupulize.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio yasiyochoka na wenzako wasiokuficha wanachokijua. Zizi lako lijae, na unapofika watu wafurahi kukusogezea kiti.