Matanga ya Mtu wa Zuhali

Kwa miaka kumi na tisa Mzamil alipima vitambaa katika duka la Biashara Street, na miaka hiyo yote aliandika hadithi za watu wa sayari nyingine. Aliziandika nyuma ya kadibodi zinazotoka ndani ya majora ya vitambaa, ndiyo maana zilikuwa fupi: kadibodi ikijaa, ulimwengu nao umekwisha. Baada ya alasiri alizisoma barazani kwake Mji wa Kale, na wazee wakamsikiza kwa adabu, maana kahawa ilikuwa yake.

Mkewe Mwanakuu hakupata kusikiza hata moja. Kila akianza kusomewa, hukumbuka chungu jikoni. Mzamil hakutaka sifa za Nairobi wala za ulimwengu. Alitaka mkewe asikize hadithi moja mpaka mwisho, na hilo lilimla moyo.

Siku moja ya mwaka 1994 akaja barazani na kisa kipya. Mtu wa sayari ya Zuhali ameteremka ufukweni Mama Ngina, amekula muhogo wa pilipili na ndimu, ameupenda mji, akaoa mwanamke wa Bondeni mwenye kidoa cheusi shavuni. Lakini mapafu yake yalikuwa ya chuma. Upepo wa bahari ukayatia kutu, akafa. Kadibodi ikajaa hapo.

Maalim Taib, mwalimu wa chuo cha Kurani, akauliza maiti ameoshwa na nani. Abdulghafur seremala akauliza amezikwa wapi. Mzamil akaapa kwamba mtu huyo hakuwako, amemtunga mwenyewe. Wazee wakamtazama kwa masikitiko: mgeni amefia mikononi mwake, naye amkana mchana kweupe.

Maalim akaamua kwamba kuwaombea wageni wote waliofia mbali na kwao hakuna ubaya, na huyu wa Bwana Mzamil ataingia humo humo. Kabla ya magharibi majamvi yalikuwa yametandikwa kichochoroni. Wanawake, wakiwa na masinia ya wali vichwani, walipita moja kwa moja ndani kwa Mwanakuu, maana kidoa kile cha shavuni mtaa mzima unajua ni chake, na kwao ni Bondeni pia.

"Makiwa," wakamwambia, wakimpa pole ya msiba.

"Tunayo," akajibu Mwanakuu. Adabu ilimtangulia kabla ya akili, na mtu akishajibu hivyo, amefiwa.

Watu walipotawanyika Mzamil aliingia ndani. Mkewe alikuwa ameketi mkekani, amejitanda leso. Mzamil akamwomba radhi na kuahidi kuipasua hadithi ile saa hiyo hiyo.

"Usipasue, Baba Swabaha," akasema Mwanakuu, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Nisomee."

Akamsomea. Mwanakuu hakukumbuka chungu chochote, kwani nyumba ya msiba haipiki na jiko lilikuwa baridi tangu alasiri. Alisikiza muhogo, akasikiza harusi, akasikiza kutu. Mzamil akafika mwisho, na mkewe bado yuko pale pale mkekani.

Mwanakuu akakipapasa kidoa chake.

"Alipokuwa akikata roho," akauliza, "alinitaja?"

Mzamil akaigeuza kadibodi huku na huku. Haikubaki nafasi hata ya jina. Akamweleza hivyo, taratibu, mkewe akafuta macho kwa pindo la leso.

"Basi kesho fungua jora jingine."