Makofi ya Elikana

Mtu wa kumwambia Yunisi "acha" na yeye akaacha bado hajahamia mtaa wetu wa Buzebazeba. Wamejaribu mashemeji, wamejaribu majirani, amejaribu mwenye nyumba wake wa kwanza, Mungu amrehemu. Wote waliishia kuzoea.

Alipoletwa mjini Kigoma kutoka kijijini Simbo, bibi harusi mwenye sanduku moja la bati, jambo la kwanza walilomchekea ni makofi. Waha husalimiana kwa makofi. Unainama kidogo, unagonga viganja taratibu, unasema "Mwakeye," mwenzako naye anagonga vyake, na mtaulizana habari za watoto na za mashamba huku mikono haijanyamaza. Yunisi alimsalimia hivyo muuza duka. Akamsalimia hivyo karani wa serikali ya mtaa. Wanawake waliopanga ndoo bombani wakashikana mbavu: "Jamani, huyu kaja na kwaya yake!" Mwingine angerudi nyumbani kulia. Yunisi alirudi kesho yake asubuhi, akaweka ndoo chini, akawapigia makofi ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Aliyeongoza kicheko siku ile alikuwa Mwanvua, mzaliwa wa Ujiji, mkaanga samaki aina ya migebuka, mwenye Kiswahili cha kuteleza na ulimi usio na breki. Leo Mwanvua ndiye shoga yake mkubwa, na hapigi hodi kwa Yunisi ila kwa makofi.

"Umeniharibu, Mama Nehemia," hulalamika. "Juzi nimempigia makofi shemeji yangu kule Ujiji, akadhani nampongeza. Akauliza, nimefanya nini?"

Yunisi hupika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba, kazi ya moshi na mkono mgumu, na kwa kazi hiyo alimsomesha mwanawe wa pekee, Nehemia, mpaka akavaa tai. Mumewe, Elikana, alikuwa mkulima mwenye sauti. Kule Simbo ndiye aliyeongoza nyimbo watu walipolimiana mashamba kwa zamu, na hata baada ya kuhamia mjini alirudi kila msimu kuwaimbisha. Miaka ya kanda aliwahi kukaa na wenzake sebuleni, wakafunga madirisha, wakarekodi nyimbo zao zote. Kila wimbo unaanza na Elikana peke yake: makofi makavu, bila ngoma, halafu "Mwakeye!", halafu kimya kifupi cha kumngoja msikilizaji ajibu. Ndipo wimbo unapoanza. Elikana alisema hawezi kuingia sikioni mwa mtu bila kumsalimia.

Elikana alifariki mwaka jana, masika. Kanda zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa kwenye flashi, na Yunisi alizisikiliza kila asubuhi kwenye redio yake kuukuu akikoroga sabuni. Sauti ikisema "Mwakeye," naye anaweka mwiko kando, anajibu. Usiseme ni wazimu. Ni adabu, na ni mapenzi. Kisha ikapiga radi, zile radi za Kigoma zisizobisha hodi, redio ikaungua.

Nehemia, mtoto mwema ingawa ana aibu nyingi, akamnunulia mama yake sabufa ya kisasa, ndefu, nyeusi, yenye taa za bluu na ya kuamrishwa kwa simu. Aliiweka sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, akachomeka flashi, akaketi kungoja kusifiwa.

Sabufa ikatoa makofi ya Elikana. Kabla hata hajafungua kinywa, ikamruka. Wimbo wa pili: makofi, ikaruka. Wa tatu vilevile. Ikapita nyimbo zote kwa mtindo huo, kisha ikatulia kwenye kwaya moja ya mjini na kuipiga mpaka mwisho bila kinyongo.

"Nyimbo za baba zina shida," akasema Nehemia akitazama simu. "Tena hazina hata jina. Hapa imeandika msanii hajulikani."

"Hajulikani na nani?" Yunisi akauliza. "Waambie hao walioandika waje Simbo waulize hata mbuzi. Andika jina lake."

Nehemia akaandika jina la baba yake, wimbo baada ya wimbo, mama yake akimsimamia begani. Majina yakakaa sawa. Nyimbo zikaendelea kuruka.

Hapo ndipo mahangaiko yalipoanza. Nehemia akafuta flashi kwa kitambaa, akapuliza tundu lake, akazima sabufa na kuiwasha. Akanunua flashi mpya, akahamisha kila kitu. Wapi. Happiness, mkewe, akasema labda sauti za zamani haziivi kwenye vyombo vipya. Mwishowe flashi ikapelekwa kwa Gervasi, fundi mwenye kibanda kule mtaa wa Mwanga, na huko, ajabu, Elikana akaimba vizuri kabisa kwenye kompyuta, mpaka wapita njia wakasimama.

"Nyimbo ni nzima, bosi," Gervasi akamwambia Nehemia. "Ila mashine yako inakwama pale mwanzoni. Mimi nikikata ule mwanzo, yale makofi na ile salamu, wimbo ukaanza moja kwa moja, nadhani itakubali."

Nehemia akaja na habari hiyo kwa furaha, maana ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa imekaribia, na ilikubaliwa kwamba baada ya sala watu wasikie sauti ya marehemu. Wangekuja ndugu wa Simbo, na wangekuja wakubwa wake wa kazini.

"Ni makofi tu, mama. Yakikatwa, baba ataimba."

Yunisi alikuwa akikata miche ya sabuni. Hakuinua uso.

"Baba yako hakuingia nyumba ya mtu yeyote bila kupiga makofi. Leo aingie nyumbani kwake kimyakimya kama mwizi?"

"Basi tutaacha nyimbo. Tutasoma wasifu wake, yatosha. Sitaki tuaibike mbele za watu." Kisha akalitoa lile lililokuwa likimkereketa siku nyingi. "Na mama, nakuomba. Bi Catherine, mkuu wangu wa kazi, akija, mpe mkono tu. Haya mambo ya makofi, wenzangu hawayaelewi."

Sasa, mimi ningekuwa Yunisi ningemrushia mche wa sabuni. Yeye alimtazama tu, mwanawe aliyelelewa kwa moshi ule, na moyo ukamuuma sana. Kisha akamwambia kwamba baba yake ataimba siku hiyo, na atasalimia kwanza, na asiyetaka kusikia akae nje na viatu. Nehemia akaondoka bila kunywa chai.

Asubuhi iliyofuata sabufa ilikuwa ikipiga ile kwaya yake mpendwa, Mwanvua akatokea mlangoni na beseni la samaki. Akagonga makofi. Yunisi akajibu kwa yake. Kwaya ikakatika katikati ya neno, ukaingia wimbo mwingine.

"Mbona unawakatiza wanakwaya?" Mwanvua akatania.

Yunisi hakucheka. "Hebu rudi nje, Mama Safina. Ingia tena."

Mwanvua akatoka, akaingia, akapiga makofi. Wimbo ukaruka. Yunisi akasogea mbele ya sabufa, akapiga makofi peke yake, makavu, kama Elikana. Ikaruka. Akasimama pale mikono kiunoni, na badala ya kufurahi kwamba amegundua, hasira ikampanda mpaka utosini.

"Kumbe na wewe ni wa bombani!" akaiambia.

Nehemia alipoitwa, akapekua simu yake, akaona haya mwenyewe. Ilikuwamo: piga makofi mara mbili, wimbo unabadilika. Tena ndiyo sifa ya mashine hiyo, imeandikwa hadi kwenye boksi. Sabufa ilisikia makofi ya Elikana yakitoka kinywani mwake yenyewe, ikadhani imeamriwa imruke. Nehemia akamwonyesha mama yake tundu dogo karibu na vitufe.

"Sikio lake ndilo hili." Akabonyeza simu, akaizimia tabia hiyo, na Elikana akaimba sebuleni mwake kwa mara ya kwanza tangu radi. Wote wawili walilia kidogo. Kuhusu Bi Catherine na kupeana mkono, Nehemia hakufuta neno lake, na Yunisi hakusahau.

Siku ya ibada ilianza na jua. Watu wa Simbo walifika mapema na ndizi zao, wakajaza uwanja kwa makofi, na kila yalipolia Nehemia alitazama upande wa viti vya wenzake wa kazini. Bi Catherine alipofika, mwanamke mpole mwenye miwani, Yunisi alimpigia makofi ya taratibu, akainama, akasema "Mwakeye." Bi Catherine akatabasamu bila kujua afanye nini na mikono yake. Nehemia akakazia macho viatu.

Sala ikaisha. Mchungaji akatangaza kwamba sasa watasikia sauti ya mzee wetu. Na umeme, ambao Kigoma una ratiba yake wenyewe, ukakatika. Ukarudi muda si muda, taa za bluu zikawaka, Nehemia akaanzisha wimbo.

Makofi. Ikaruka. Makofi. Ikaruka.

Kukatika kwa umeme kulikuwa kumeirudishia tabia yake. Nehemia akahangaika na simu, mtandao ukazunguka na kuzunguka. Sabufa ikamruka baba yake tena na tena mbele ya kadamnasi, na kule nyuma mtu mmoja akacheka.

"Tuendelee na wasifu," Nehemia akamnong'oneza mchungaji.

"Hatuendelei," akasema Yunisi, na hakunong'ona.

Akasimama na kanga zake, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kipande cha sabuni laini ambayo haijakauka. Akakifinyanga kwa vidole, akaenda mpaka kwenye sabufa, na mbele ya mchungaji, wakubwa wa kazi na ukoo mzima, akaliziba lile tundu, akalishindilia kwa kidole gumba.

"Hutaki makofi?" akaiuliza. "Basi usisikie kitu. Nehemia, rudi mwanzo."

Nehemia akarudi mwanzo. Makofi ya Elikana yakatoka, makavu, bila ngoma. Safari hii hakuna kilichoruka.

"Mwakeye!" akasema Elikana.

Kikafuata kile kimya alichokiacha miaka ile sebuleni kwa ajili ya mtu wa kumjibu. Watu wa Simbo wakajibu kwa makofi. Mwanvua wa Ujiji akajibu. Bi Catherine akawatazama, akaweka pochi chini, akagonga viganja vyake kwa kujaribujaribu. Wimbo ukaanza, ukajaza nyumba, ukaenda mpaka mwisho wake.

Nehemia alikuwa bado amesimama na simu mkononi. Yunisi alimwona. Wimbo wa pili ulipotaka kuanza, alimgeukia, na kila mtu alisikia.

"Nehemia, baba yako anakusalimu."

Makofi yakatoka tena, na "Mwakeye!", na kile kimya. Nehemia akaitazama sabufa. Akaitia simu mfukoni, akainama kama alivyofundishwa utotoni, akampigia baba yake makofi.